Kisu cha Anatoli
Mwaka ule wa sabini na mbili, wakimbizi walipofurika Kagunga mpakani, sisi wenye mashua tulikuwa na habari moja tu midomoni: fulani kampakia mtu, kaporwa chombo. Basi mimi Swaibu wa Ujiji nilipompakia hapo Anatoli, mkimbizi wa Burundi, aliyekuwa akimfuata mkewe Kigoma, nilimketisha mbele penye mlingoti nimwone vizuri kutoka kwenye usukani. Kifurushi chake hakukiachia hata kidogo. Hilo sikulipenda.

Upepo wa kusini ukatukuta mbali na ufuko. Mashua ililala ubavu, na mara kamba inayoshikilia tanga juu ikakatika, hapo hapo alipoegemea. Tanga likaanguka majini.

"Umekata!" nikamfokea. Kwamba na yeye angezama, sikuliwaza.

"Oya, hapana, mzee! Sijagusa!"

Nilimnyang'anya kifurushi. Shati, na kisu cha kukatia mikungu ya michikichi. Kisu nikakirusha ziwani.

Upumbavu mtupu! Tanga lilishajaa maji, likituvuta tuzame, na kamba ya pembe yake ilikaza fundo lisilofunguka. Ilitakiwa kukatwa, nami kisu changu nilikisahau Kagunga.

Anatoli akapiga magoti, akaitafuna ile kamba mpaka damu ikamtoka mdomoni. Ikaachia. Mashua ikainuka.

"Mzee, kamba zako mbona zina mawese?" aliuliza akitema.

"Ndiyo zinavyolainika. Hata baba alizipaka."

"Na jana zililala wapi?"

"Ghalani, juu ya magunia ya dagaa."

Nikashika ncha ya kamba iliyokatika kwanza, nikailinganisha na aliyoitafuna yeye. Zote zilikuwa na alama za meno, ila za kwanza zilikuwa ndogo sana. Panya! Niliona haya, na bado neno samahani likanishinda.

Tulipiga makasia hadi Kigoma. Wakimbizi walikuwa wakipandishwa lori.

"Mzee Swaibu, huyu umempekua?" mgambo akauliza.

"Alikuwa na kisu, nikakitupa," nilijibu kabla sijafikiri.

"Wewe, kaa chini kule!" Anatoli akatengwa, shati likiwa mdomoni kuzuia damu.

"Hana kosa," nikasema. "Kilikuwa kisu cha kazi."

"Sasa ulikitupa kwa nini?"

Lori likaondoka, na juu yake mwanamke mmoja alikuwa akiliita jina la Anatoli.