Siku Ishirini na Moja Bila Mkate

Mke wangu alibandika karatasi kwenye mlango wa kabati la vyombo, akaipiga kiganja ili ishike vizuri. Upande wa kushoto aliandika vilivyokatazwa: ngano, maziwa, mayai, karanga, soya. Upande wa kulia vilivyoruhusiwa: wali, viazi, ndizi, nyama, mboga za majani.

"Soma kwa sauti," akaniambia.

"Nimeshaisoma."

"Soma nisikie. Wewe ni mtu wa kusoma sheria kisha ukaitafsiri unavyopenda."

Nikasoma kwa sauti, nikiwa nimesimama wima kama mtu anayekula kiapo. Na kweli kilikuwa kiapo. Kwa mwaka mzima shingo yangu ilikuwa ikiniwasha na kutoka vipele, na kila jioni tumbo lilijaa kama ngoma. Dawa za kupaka nilizimaliza. Mwishowe nikaenda kwa mtaalamu wa lishe, binti mpole mwenye umri wa mjukuu wangu wa kwanza, naye akanieleza mpango ulionipendeza papo hapo. Kwa siku ishirini na moja unaondoa vyakula vyote vinavyoshukiwa. Mwili ukishatulia, unavirudisha kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu, huku ukiangalia kipi kinaleta matata.

Mimi ni fundi wa kujalidi vitabu. Kitabu kikilegea, huwezi kujua ni uzi upi uliokatika mpaka ukifumue chote na kukishona upya karatasi kwa karatasi. Nikamwambia binti yule kwamba sayansi yake na kazi yangu ni ndugu.

"Basi utafaulu, mzee wangu," akasema. "Ila kila unachokula, kiandike."

Hapo ndipo aliponigusa. Mimi shule nimeisoma ukubwani, katika masomo ya jioni, baada ya kazi, na nilichokipenda kuliko hesabu na jiografia ni kuandika mambo yakakaa mahali pake. Nilitafuta daftari, nikalipiga mistari kwa rula: saa, chakula, kiasi, hali ya tumbo, hali ya shingo.

Mke wangu hakuwa na ugonjwa wowote, wala hakuna aliyemwambia afunge. Ni yeye aliyejiingiza. "Miaka arobaini na minne tumekula sufuria moja," alisema. "Sitaanza leo kukaa upande wa pili wa meza na mkate wangu kama mpangaji." Akaacha mkate, akaacha mayai, akaacha na chai ya maziwa, ambayo anaipenda kuliko baadhi ya ndugu zetu. Asubuhi ya kwanza aliionja chai ya rangi, akafumba macho, akasema, "Haya. Ndoa ni uvumilivu."

Wiki ya kwanza ilipita. Jumapili shingo ilikuwa laini. Jumatano vipele vikarudi. Jumapili iliyofuata shingo safi tena, na Jumatano vipele tele. Niliyaandika yote bila kuficha. Mke wangu akalichukua daftari, akavaa miwani, akalisoma kurasa zote kama hakimu.

"Nyumbani unapona," akasema. "Kazini unaumwa."

"Labda vumbi la vitabu."

"Vumbi linajaza tumbo gesi?" Akalifunga daftari. "Kazini kuna nini, baba watoto?"

"Kuna kazi."

"Na skonzi za Miwani."

Miwani, tunavyomwita kwa miwani yake minene, ni mama mtu mzima tunayefanya naye kazi katika karakana nyuma ya maktaba. Yeye anashona, mimi nabandika na kuvisha majalada. Kweli, kila siku huja na skonzi katika kibakuli, na kweli zinanukia. Lakini sikuwa nimegusa hata chembe. Niliapa. Mke wangu akanitazama kwa namna ambayo hajanitazama tangu tukiwa vijana, nilipomwambia kwamba najua kuendesha gari.

"Sikukatazi kula," akasema taratibu. "Ukishindwa sema nimeshindwa, nitakuelewa. Lakini nisikae hapa nimejinyima chai yangu kwa ajili yako, na wewe unatafuna huko kwa siri. Hilo sitalisamehe."

Sikulala vizuri. Tumbo kuuma nimelizoea. Kuitwa mwongo na mtu aliyekunywa chai ya rangi kwa ajili yangu, hilo sikulizoea. Na ubaya wake ni kwamba hata mimi, nikilisoma daftari lile, ningemshuku mwenye shingo.

Siku ya kumi na saba alikuja karakana saa nne asubuhi bila kuniarifu. Mkononi alishika hotipoti ya viazi, kisingizio chake. Dirisha letu ni kubwa na linatazama njia, kwa hiyo aliniona kabla sijamwona. Mlango ukafunguka.

"Umetia nini mdomoni?"

Nilishtuka nikadondosha brashi. "Wapi?"

"Usiniulize wapi. Wewe una midomo mingapi?"

"Sina kitu."

"Fungua."

"Mama, mbele ya watu?"

"Fungua!"

Nikafungua. Mtu wa miaka sitini na tisa, aproni kifuani, mdomo wazi kama mtoto kwa daktari wa meno. Miwani aliacha sindano ikining'inia kwenye uzi.

"Shemeji," akasema, "skonzi zangu hizi hapa, hazijaguswa. Mimi mwenyewe namkaribisha kila siku ananikatalia kwa hotuba."

"Nimemwona kwa macho yangu akilamba kidole."

"Ah, hiyo!" nikasema, nikicheka kwa ahueni. "Hiyo ni gundi tu. Naionja."

"Unaonja gundi?"

Nikamweleza kwa fahari, kwa sababu ni jambo ambalo mafundi wa siku hizi hawalijui. Gundi ya dukani inakausha mgongo wa kitabu ukapasuka. Sisi tunapika yetu kila asubuhi, katika kisufuria kile pale juu ya jiko, tukikoroga mpaka iwe nzito na laini. Aliyenifundisha kazi alinifundisha kuionja: ikianza kuchacha, hata kama pua haijajua, ulimi unajua, na gundi iliyochacha inaleta ukungu ndani ya kitabu. Kwa hiyo naonja asubuhi, na naonja tena kabla ya kila kitabu kikubwa.

Mke wangu alisikiliza mpaka mwisho. "Inapikwa kwa nini?"

"Maji na unga."

"Unga wa nini?"

Nikafungua mdomo kujibu, nikageuza macho kwenye rafu. Mfuko wa unga ulikuwa pale, na picha ya mashuke ya ngano mbele, makubwa, ya rangi ya dhahabu.

Miwani ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akavua hiyo miwani yenyewe kufuta machozi. "Kikulacho ki nguoni mwako, mzee mwenzangu! Chako kiko jikoni kabisa, na unakikoroga mwenyewe!"

Mke wangu hakucheka. "Mara ngapi kwa siku?"

"Tano. Sita, vitabu vikiwa vingi."

"Na kwenye daftari?"

"Niliambiwa niandike chakula. Gundi si chakula."

Alikisogelea kisufuria, akakinusa. "Ama hukunidanganya," akasema, "ama hadithi hii umeitunga sasa hivi, maana kwa maneno nakujua. Tutaona." Akaiweka hotipoti mezani, akatoka.

Jioni ile alifuta tarehe ya kuanza kwenye karatasi ya kabati, akaandika mpya. Tunaanza moja. Nikamwambia yeye hana haja, zake kumi na saba zinatosha. Akajibu kwamba yeye kweli amezifunga kumi na saba kwa ajili ya sufuria ya gundi, na kwamba anakwenda kulala. Asubuhi nilikuta vikombe viwili mezani. Vyote chai ya rangi.

Kazini nilianza kupika gundi ya unga wa mchele. Inashika vizuri, tena ni nyeupe zaidi. Kuipima, naivuta kati ya kidole gumba na cha shahada. Shida ilikuwa mkono, ambao kwa miaka yote ulijua njia ya mdomoni peke yake. Miwani alikaa na rula. Kila mkono ukipanda, anaugonga. "Shusha!" Siku ya tano mkono ukaelewa.

Jumatano ikaja, shingo safi. Jumatano nyingine, safi. Suruali zangu zikaanza kufunga kifungo bila majadiliano. Nilipompelekea mtaalamu wa lishe taarifa, alisoma, akaniangalia, akasoma tena. "Mzee wangu, fomu yetu haina mahali pa gundi," akasema. Nikamshauri waongeze.

Tukaanza kurudisha. Maziwa yalitangulia, kwa amri ya mke wangu, na siku hiyo alikunywa vikombe vitatu mfululizo. Siku tatu, salama. Mayai salama, karanga salama, soya salama. Ngano aliiweka mwisho, siku ya Jumamosi, nyumbani, nisikanyage karakana. Alikata vipande viwili vya mkate, akaketi mbele yangu na kunitazama nikimeza, kama askari.

Ilipofika jioni shingo iliwaka moto. Tumbo likapanda.

"Njoo kwenye mwanga," akasema. "Geuka." Kisha nikasikia makofi. "Vipele! Tazama, vipele vitupu!"

"Unafurahi?"

"Sana! Skonzi ziko palepale kila siku, kilichobadilika kazini ni gundi tu, na ngano ndiyo inayokuchoma. Kumbe ulikuwa mkweli, baba watoto."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Sasa na shingo imeniambia."

Akaleta dawa ya kupaka, akanikalisha kwenye kiti, akaanza kunipaka nyuma ya masikio, polepole. Alipofika sikio la pili alisema kwa sauti ndogo sana, "Nisamehe."

"Sijasikia," nikasema. "Sikio la upande huu limezeeka."

Akalifinya sikio lenyewe. Kisha akalirudia lile neno, kwa sauti kamili, na mkate uliobaki akampelekea jirani. Mimi nilibaki pale kitini nikijikuna, na sijawahi katika maisha yangu kujikuna kwa raha kama ile.