Mzee Élie Apelekwa Matembezi

Jumamosi ni siku ya kubadilisha mashuka. Waliokodi nyumba wiki nzima huondoka asubuhi wakiacha nusu jibini kwenye friji, na wengine hufika saa kumi jioni wakiuliza intaneti iko wapi. Katikati hapo Ginette Lafaysse, jirani mwenye ufunguo, hupiga deki, huweka mezani chupa ya divai ya kuwakaribisha wageni, kisha hutoka nje na kitambaa kumpangusa Mzee Élie mabega. Mzee Élie ni mfu, na wafu hushika vumbi upesi.

Mzee Élie Delbreil ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Alikufa mwezi wa Februari akipogoa miti yake ya jozi, akazikwa nyuma ya kanisa la Monteyrac, na siku ya tatu akarudi, akaketi kwenye benchi la mawe mbele ya mlango wake, na koti lake la Jumapili. Kijijini hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo kubwa. Mama yake Ginette naye alirudi vivyo hivyo, akakaa jikoni mpaka alipochoshwa na redio.

Wafu wa kwetu wana mwiko mmoja tu: hawavuki kijito. Anayetaka kwenda ng'ambo sharti avushwe na mtu aliyelala usiku chini ya paa lake. Zamani hii haikuwa taabu, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na watoto na wajukuu waliolala humo. Siku hizi wanaolala kwa Delbreil ni wageni wa likizo.

Hiyo ni kazi ya Régis, mwana wa pekee, anayeuza bima Bordeaux na kuvaa viatu bila soksi. Baba yake alipokufa, alimchukua mama yake, Marcelline, akampeleka kwenye makazi ya wazee ya Lacombe, juu kidogo ya daraja, ng'ambo ya kijito. "Msimu mmoja tu, Mama, mpaka tutengeneze paa." Paa likatengenezwa. Likafuata bwawa la kuogelea. Banda la bata bukini likawa chumba cha kulala chenye picha ya bata bukini ukutani. Marcelline alikuwa bado anasubiri paa. Ginette alipoomba amlete hata kwa mchana mmoja, wenye makazi walitaka idhini ya Régis, na Régis akakataa, akisema mama atachanganyikiwa akiona bwawa. Yeye mwenyewe akija kulikagua hilo bwawa hulala hotelini. Anadai vyumba vimejaa. Sisi tunajua anaogopa kuombwa lifti na babake.

Kwa zaidi ya nusu karne Élie na Marcelline walimaliza supu yao ya jioni kwa namna moja. Supu ikibaki kidogo chini, Élie alimimina divai nyekundu ndani ya bakuli. Marcelline alilizungusha, akalishika kwa mikono miwili, akanywa nusu, kisha Élie akamalizia. Kule Lacombe supu huletwa kwenye kikombe cha plastiki chenye mdomo, kama cha mtoto mchanga, na divai ni marufuku. Bakuli Marcelline alikuwa nalo, amelificha chini ya mto wa kulalia. Mzee Élie alitaka kitu kimoja: kufika pale na chupa yake wakati mkewe bado anamkumbuka.

Ginette alijaribu kumsaidia. Jumamosi moja, baada ya kutandika, alijilaza kitandani mchana, akaota ndoto kabisa, kisha akampakia mzee kwenye kigari chake. Gari lilizimika katikati ya daraja, na Mzee Élie akajikuta yuko kwenye benchi. Usingizi wa mchana hauhesabiwi. Usiku wageni wamejaa, na majira ya baridi Régis hufunga nyumba na kuondoka na ufunguo.

Wakabaki wageni. Régis, ambaye hakosi la kufanya na kitu kilichokaa bure, alikuwa ameandika kwenye tangazo: nyumba ya mawe, bwawa, utulivu, mzee halisi wa mahali, huandamana nanyi matembezini.

Mwezi wa Agosti walikuja akina Vasseur kutoka Paris, kwa wiki tatu. Hugues Vasseur kazi yake ilikuwa kuwashauri watu wenye kazi. Mkewe, Clémence, alikuja na ratiba ya matembezi, kila siku na mahali pake, na mbwa mdogo aitwaye Praline. Asubuhi ya kwanza wakamkuta Mzee Élie amesimama kando ya gari, chupa kwapani.

"Leo ni ngome, mzee," Hugues alisema. "Unaijua?"

"Naiona kutoka dirishani tangu nizaliwe."

"Hujawahi kuingia?"

"Nikafanye nini?"

Wakacheka sana. Clémence akasema mzee ni kiboko.

"Ombi langu ni moja, Bwana," Mzee Élie alisema akifunga mkanda. "Tukirudi tupite Lacombe, pale juu ya daraja. Mke wangu yuko kwenye makazi ya wazee. Sitawachelewesha."

"Mzee wangu, hilo nalo la kuomba?"

Ngome waliiona. Walipanda ngazi, wakatazama chooni mwa mtemi fulani, wakanunua upanga wa mbao ingawa hawakuwa na mtoto. Mzee Élie aliwasubiri kivulini. Kutoka pale asingeweza kwenda Lacombe kwa miguu, maana vijito ni tele njiani, na magoti yake hayakufufuka pamoja naye. Wakati wa kurudi walipita mbele ya makazi ya wazee bila kupunguza mwendo. Clémence alikuwa na jibini kwenye buti na jua lilikuwa kali. Walipovuka daraja wakasimama chini ya miti, Praline akojoe. Mbwa yule hakuwa na haraka. Alinusa mti, akaghairi, akanusa mwingine. Kutoka pale Mzee Élie aliona madirisha ya Lacombe ng'ambo, na kwenye moja pazia lilikuwa limefunguliwa.

Siku iliyofuata ilikuwa ya pango, yaani pango la kuiga, lenye nakala za michoro ya watu wa kale, kwa sababu la kweli limefungwa lisiharibiwe na pumzi za watu. Walipanga foleni chini ya jua na kutoka na machozi machoni, wakisema wamewagusa wahenga. Wakati wa kurudi walikuwa wamechoka na wahenga. Kisha ikaja siku ya bustani, na siku ya kijiji kizuri ambacho hakikaliwi na mtu isipokuwa wauza sabuni. Hawa walikuwa kiguu na njia, na hakuna walichokiona. Kila jioni walipita Lacombe, na kila jioni palikuwa na neno: meza imeshawekwa nafasi, miguu ya Clémence imevimba, kesho mzee, kesho bila kukosa. Kila jioni Praline alikojoa.

Jumapili ya pili Ginette alirudi kutoka kumwona Marcelline, akaketi kwenye benchi kando ya mfu.

"Amekonda. Mimi ananiita kwa jina la dada yake."

"Na mimi?"

"Wewe anakukumbuka. Anauliza umekwama wapi na hiyo chupa. Nikamwambia Élie wako siku hizi ni mtalii, kila siku yuko ngomeni."

"Akasemaje?"

"Kasema ni uongo. Eti Élie ninayemjua mimi hata sokoni alikuwa anakwenda kwa kusukumwa."

Mzee Élie alicheka, na vumbi likamtoka. Ginette hakucheka. Aliinuka, akaenda kugonga mlango.

"Bwana Vasseur, yule bibi hana siku nyingi. Mpelekeni mzee leo hii, jamani. Ni hapo tu."

"Ginette, mama," Hugues alisema kwa upole, taulo begani, "sisi tuko likizo."

Jioni ile walikuwa na wageni wao wenyewe. Clémence alikuwa amesikia habari ya supu na divai, akaona itapendeza. Aliweka mabakuli kumi, akagawa supu baridi ya tikiti, akamimina divai ya rangi ya waridi yenye barafu kabla mtu hajaionja supu, akamwita Mzee Élie aje kuwaonyesha jinsi ya kushika. Walikunywa, wakalamba midomo kwa utamu, wakapigana picha. Mzee Élie aligeuza uso ukutani. Walidhani ni mila.

Marcelline alifariki Jumatano, wakati akina Vasseur na mzee wao wako mtoni kwenye mtumbwi wa kukodi. Régis alimzika Lacombe, ng'ambo hiyohiyo. Mazishi yaliangukia Jumamosi, na Jumamosi Monteyrac wageni wanaingia. Gari la jeneza lingeziba njia.

Siku ya tatu naye akatoka. Alishuka mteremko kwa gauni lake la buluu, bakuli mikononi, akafika mwanzo wa daraja akasimama, maana mbele hapaendeki. Mzee Élie alikuwa ameshafika upande wa pili, mapema, ameshanyoa.

"Umechelewa," Marcelline alimwambia kutoka ng'ambo.

"Nilikuwa natembezwa."

"Ulikuwa na koti hilohilo?"

"Hilohilo."

Akina Vasseur walipita katikati yao asubuhi ile wakienda kutazama mnara fulani. Yeyote aliyelala nyumbani kwa Delbreil angeweza kumvusha mmoja wao, kwa kumfungulia mlango tu. Hugues alipiga honi ya salamu. Clémence alishusha kioo na kuwapiga picha wote wawili, na baadaye akalalamika kuwa katika picha limetokea bakuli peke yake.

Mzee Élie alijaribu kumrushia mkewe chupa. Ilivunjika darajani ikatoboa tairi la Waholanzi wa wiki iliyofuata, nao wakampigia simu Régis, na Régis akafuta ile divai ya kuwakaribisha wageni. Tangu hapo Ginette hutoa divai kwake. Kila jioni huleta supu pamoja nayo, huimimina kwenye bakuli la Marcelline, na Marcelline huzungusha, hunywa nusu. Kisha Ginette hulivusha bakuli daraja zima kwa mikono miwili, polepole, lisimwagike, na Mzee Élie humalizia. Halafu hulirudisha. Kiuno kinamuuma.

Régis aliposikia alifurahi kama mtoto. Aliongeza kwenye tangazo: daraja la kale lenye wazee wawili, kila jioni isipokuwa Jumamosi. Jumamosi Ginette ana mashuka. Alimnunulia pia aproni ya kizamani, akamsihi aivae, na Ginette akampa jibu ambalo hatuwezi kuliandika hapa.

Sasa magari hupangana pande zote mbili jua linapoanza kushuka. Watu hukaa kwenye nyasi na viti vya kukunja, wakila jozi za mzee. Wanaolala nyumbani kwake wana nafasi zao mbele. Msimu uliopita mwanamke mmoja miongoni mwao, Mbelgiji, alimwangalia Ginette akipita na bakuli, akamgeukia mumewe.

"Si tuwavushe tu? Gari tunalo."

"Tuwavushe," mumewe alisema, "halafu kesho tuje kuona nini?"

Mwanamke akafikiri, akaona mumewe ana hoja. Wakakunja viti vyao, wakaondoka mapema kidogo, kukwepa foleni.