Jibu la Tan Lole

Rosario Quinata ndiye aliyenisimamia ubatizo, kwa hiyo namwita Nina, kama kila mtu hapa kisiwani, kijijini Inarajan, anavyomwita mama wa ubatizo. Kila nikikutana naye mimi huinama, nauchukua mkono wake na kuugusisha puani pangu. Ndivyo tunavyowaamkia wakubwa. Mkubwa naye hujibu, "Mungu akusaidie." Mtoto wa kwetu huyasikia maneno hayo kabla hajalijua jina lake mwenyewe.

Nina alinipigia simu asubuhi moja. "Nasio, njoo na muhuri wako. Mama yuko macho leo."

Kazi yangu ni kushuhudia watu wakitia sahihi hati, kisha kuzigonga muhuri wa serikali, kwa hiyo nilijua ni habari ya ardhi. Kile kiwanja cha ufukweni kilikuwa kwa jina la mama yake, Tan Lole; Tan ndivyo tunavyomwita bibi mzee kwa heshima, na babu tunamwita Tun. Kijiji kizima kilikuwa kimemsikia bibi huyo akisema, misibani na harusini, kwamba ni cha Rosario, kwa kuwa Rosario alikataa kuolewa ili amtunze. Lakini hakuwahi kuandika. Kwetu mzee akishagawa kwa mdomo, kumwomba karatasi ni kama kumwambia afe haraka. Sasa alikuwa amepigwa na kiharusi, na mwanawe Vicente, aliyehamia California ujanani, alikuwa ameanza mazungumzo na watu wa hoteli. Bila hati, mama akifa, nusu ingekuwa ya Vicente, na kiwanja kidogo namna ile ukiuza nusu umeuza chote. Nyumba ya Nina ilikuwa katikati yake.

Barazani nilimkuta Tun Kiko, jirani yao, aliyeitwa kuwa shahidi. Alikuwa na sahani ya wali mwekundu mapajani.

"Mtu wa muhuri huyo," akasema. "Huo muhuri unaulisha nini, mbona mkoba umenenepa kuliko wewe?"

"Naulisha mashahidi wasemaji, Tun."

"Basi leo utashiba."

Tan Lole alikuwa amelazwa kwenye mito, kaogeshwa, nywele zimechanwa. Niliinama nikaunusa mkono wake.

"Mungu akusaidie," akasema. Sauti ilikuwa nzito, lakini maneno yalitoka kamili.

Nina alinigeukia uso umemchangamka. "Umesikia mwenyewe? Halafu daktari ananiambia hawezi kusema."

"Nina, tupishe kidogo. Natakiwa nimsikie yeye."

"Nyumba yangu hii, nikupishe niende wapi?" Hata hivyo alisogea hadi mlangoni, akasimama hapo na kitambaa chake cha jikoni.

Nikaifungua hati. "Tan Lole, karatasi hii inampa Rosario ardhi ya ufukweni. Ndivyo unavyotaka?"

"Mungu akusaidie."

"Haya, amekubali," alisema Nina. "Mshike mkono aweke alama."

Ningeweza kuishia hapo. Tun Kiko alikuwa ameshatoa kalamu. Lakini kazi hii inanitaka niwe na hakika kwamba mwenye hati yuko mbele yangu, kwamba ndiye, kwamba anaelewa anachotia sahihi, na kwamba anataka mwenyewe. Kuwapo alikuwapo, na nilimjua tangu utotoni. Juu ya mengine nilikuwa na maneno ya salamu tu. Nikauliza tena, polepole.

"Tan Lole, karatasi hii inampa ardhi yako yule muuza matikiti wa barabarani. Ndivyo unavyotaka?"

"Mungu akusaidie."

Tun Kiko alirudisha kalamu mfukoni, akatazama dirishani.

"Tan Lole, mimi ni nani?"

"Mungu akusaidie," akasema, akanitabasamia kwa upande mmoja wa uso.

"Unamchezea mama yangu," alisema Nina.

"Hajui, Nina."

"Wewe unajua. Umemsikia tangu ukikojoa kitandani. Unajua au hujui?"

"Najua."

"Basi unangoja nini?"

"Muhuri hausemi ninachojua mimi. Unasema yeye ameelewa, leo, mbele yangu."

Nikafungua kitabu changu cha kumbukumbu. Alikiona, akaja haraka.

"Usiandike. Nenda zako tu, nitamtafuta mwingine."

"Kukataa nako huandikwa, Nina. Hapo hapo, na sababu yake."

"Kitabu chako, kalamu yako. Nani atakuuliza?"

Niliandika juu ya meza yake, kando ya sahani aliyokuwa ameniandalia. Tarehe, jina, aina ya hati, na kwamba mhusika hakuonyesha kuelewa. Nilipoinua kichwa, sahani ilikuwa imefunikwa.

"Chakula hiki ni cha waliokuja kunisaidia," alisema.

Alimpata mwingine mwenye muhuri, kutoka mjini Hagatna. Mtu yule alisikia jibu la Tan Lole mara moja, likamtosha, akagonga muhuri. Tan Lole akafa kabla ya Krismasi.

Baada ya mazishi, mwanasheria wa Vicente alikuja ofisini kwangu. Alikuwa na jina la marehemu na mwezi niliokwenda kwake, na kisheria mwenye kutaja hayo ana haki ya kupewa nakala ya mstari ule wa kitabu changu. Nilitafuta sababu ya kumnyima, sikuiona. Nikamnakilia, nikatia sahihi kwamba ni nakala ya kweli. Kwa nakala hiyo mahakama ikaibatilisha hati ya Nina, na mwenzangu wa Hagatna akanyang'anywa muhuri. Leo ukuta wa hoteli unapita pale Nina alipokuwa akianika nguo. Yeye amepanga chumba mjini Dededo, ghorofani, hana hata mahali pa kuku wake.

Kwenye rozari ya kutimiza mwaka tangu Tan Lole afe tulijipanga mstari kuwaamkia wafiwa. Nilipofika kwa Nina nikainama. Mkono alinipa, hakuninyima. Niliugusisha puani, ukanuka sabuni ya kufulia, nikabaki nimeinama nangoja. Mstari nyuma yangu ulisimama. Nilipoinua macho, alikuwa akitazama juu ya kichwa changu.

Nikauachia. Sijafika kwenye kiti changu nikamsikia nyuma akimjibu Tun Kiko, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mungu akusaidie."