Mélanie Aomba Vyote Viuzwe

Mélanie Bulonza alikuwa na chambre froide ya kuhifadhi samaki pale Nyawera mjini, chumba kimoja cha matofali chenye friza saba. Mwaka mmoja umeme ulikatika siku tisa mfululizo, jenereta ikaungua siku ya tatu, na samaki wote aliowanunua kwa mkopo wa benki wakaoza. Alikodi lori kwenda kuwatupa.

Hakukimbia kama wengine wanavyokimbilia machimbo ya Kamituga na kubadilisha namba ya simu. Alikwenda tribunali ya biashara akaomba redressement. Maana yake ni kwamba biashara ilibaki mikononi mwake, aliendelea kuuza, na kila mwezi alipaswa kulipa sehemu ya deni kwa miaka mitatu, chini ya jicho la sindiki, msimamizi aliyeteuliwa na tribunali. Wakati huo wote hakuna mdai aliyeruhusiwa kumgusa. Sindiki wake aliitwa maître Patrice, mtu mpole aliyependa kuhesabu friza mwenyewe, moja moja, akigonga vifuniko kwa kalamu.

Ilipita miezi kumi na minne. Patrice alifurahi kwamba Mélanie hajakosa kulipa hata mara moja. Hakujua fedha zilitoka wapi. Mwezi mmoja zilitoka kwa dada yake Joviale, mwezi mwingine kwenye likelemba, mchango wa zamu wa akina mama wa soko, mwezi uliofuata kwa mwanamke muuza makala, mkaa wa kupikia, ambaye sasa alipita kila asubuhi, akasimama mlangoni bila kusema neno.  Mélanie akisikia pikipiki inapunguza mwendo nje, alijificha nyuma ya friza.

Siku moja Patrice alipomaliza kuhesabu, Mélanie alimwambia yote.

Patrice aliketi juu ya kreti. "Maman, sasa unataka tufanye nini?"

"Nataka kutoka mu redressement. Waniweke mu liquidation. Wafunge, wauze vyote, walipane."

"Inawezekana. Tunaandika, tribunali inageuza. Lakini ukishaingia kule, hakuna kurudi. Na tena…" Alifungua faili, akaweka kidole kwenye karatasi moja. "Kuna mutu alikusainia ku benki. Leo benki haiwezi kumugusa, juu uko unalipa. Siku tukiuza vyote na franga ikose kutosha, watamufuata yeye."

Mtu huyo alikuwa Stanislas, mjomba wake wa kijiji cha Miti. Alikuwa ameipa benki hati ya shamba lake ili Mélanie apate mkopo.

Ombi liliandikwa, na siku ya kusikilizwa ikapangwa kuwa Alhamisi. Hadi Jumatatu Mélanie alikuwa hajampigia mjomba wake simu. Kila alipoishika, alijiambia kwamba pengine mjomba ana kazi, au amepumzika, au yuko na wageni. Jumanne asubuhi alifunga chumba, akachukua pikipiki mpaka Miti.

Stanislas hakuwepo. Aliyempokea ni mkewe, Valérie, kwa furaha iliyomchoma Mélanie zaidi kuliko matusi.

"Mélanie! Mutoto umekonda hivi? Ingia, ingia. Tonton yako iko kwa jirani, atakuya sasa hivi."

Valérie alisonga bugali, akapakua maharagi na kabichi. Alizungumza bila kupumua: jinsi walivyopanda kahawa mpya upande wa juu wa shamba, jinsi alivyouza mbuzi wake wote zamani ili ajazie fedha za kununua ule upande wa barabarani, jinsi wajukuu watakavyojenga pale siku moja. Mélanie alimeza matonge kama mtu anayemeza vidonge. Mara mbili alifungua mdomo aseme. Mara mbili Valérie alimwongezea maharagi.

Stanislas alipofika, alimtazama mpwa wake mara moja tu, akajua kuna neno. "Twende nikuonyeshe kahawa," alisema.

Walipokuwa mbali na nyumba, Mélanie alimweleza. Alisema haraka, bila kumtazama usoni. Mjomba hakuuliza kuhusu friza wala benki.

"Valérie hajue," alisema.

"Hajue nini, tonton?"

"Ya kwamba document ya shamba haiko mu nyumba. Anazani iko mu sanduku, chini ya kitanda. Sikumwambia."

 Mélanie alikuwa amekuja na hofu moja, sasa zilikuwa mbili.

"Vumilia," Stanislas alisema. "Miezi sita tu. Endelea kulipa vile unalipa."

"Silipi, tonton. Nakopa huku nalipa kule. Nikikaa mule miezi sita, nitaanguka tu, na deni itakayokufikia wewe itakuwa kubwa kuliko ya leo. Leo friza ziko zima. Leo chumba kiko na bei."

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Mwambie maman Valérie mbele ya kesho kutwa. Ukikosa, nitamwambia mimi."

"Usinitishe, mutoto wa dada yangu!" Alipaza sauti hivi kwamba mtu aliyekuwa akilima ng'ambo aliinua kichwa. Kisha akageuka, akaenda zake kati ya migomba.

Mélanie aliporudi nyumbani kuaga, Valérie alikuwa amemfungia mfuko wa maharagi. Aliupokea kwa mikono miwili. Njia nzima aliupakata mapajani kama kitu alichoiba.

Jumatano alipiga namba ya mjomba mara sita, simu ilikuwa imezimwa. Alikwenda hadi ofisi ya Patrice kumwambia aliondoe ombi, akafika mlangoni, akageuka. 

Alhamisi, chumba cha tribunali kilikuwa na watu wachache. Mélanie alikaa benchi la mbele karibu na Patrice. Kesi yake ilipokuwa karibu kuitwa, mlango ulifunguliwa, akaingia Stanislas kwa koti lake la misa. Nyuma yake aliingia Valérie. Waliketi benchi moja, lakini katikati yao wangeweza kukaa watu wawili.

Jaji, mwanamke mwenye sauti ya chini, alimuuliza Mélanie kama anaelewa kwamba atapoteza chumba na friza zote, na kwamba hatarudi tena kwenye mpango wa zamani.

"Naelewa."

"Na aliyekusainia, anajua?"

Mélanie aligeuka. Stanislas alisimama. "Najua, madame juge," alisema. Kisha akaongeza, "Na bibi yangu anajua. Tangu jana."

Likatolewa tamko la liquidation. Lilisomwa kwa dakika chache tu. Mélanie aliyekuwa akitegemea kulia, hakulia. Alihisi usingizi mzito, pale pale, mchana kweupe.

Nje, kwenye ngazi, Valérie alimsubiri.

"Juzi ulikula kwangu," alisema. "Ulikula ukanyamaza."

"Ndiyo, maman."

"Ile ndiyo inaniuma. Mambo ya shamba, tutaona."

Patrice aliuza chumba pamoja na friza kwa mkupuo mmoja kwa Atumani, mfanyabiashara wa Uvira aliyekuwa akitafuta mahali mjini. Bei ilizidi walivyoogopa, lakini haikutosha. Kwa kilichobaki, benki ilikubali ule upande wa barabarani, ulionunuliwa kwa fedha za mbuzi wa Valérie. Upande wa juu, wenye nyumba na kahawa mpya, ulibaki, na hati yake ikarudishwa kwa mkono wa Valérie, si wa mumewe. Alidai hivyo mwenyewe.

Joviale na muuza makala waliandikishwa kama wadai wengine, wakapata kidogo. Joviale alisamehe. Muuza makala hakusamehe, na Mélanie anaendelea kumlipa mwenyewe, kidogo kidogo, ingawa hakuna anayemlazimisha.

Siku hizi anauza samaki wa Atumani sokoni Kadutu, kwa mshahara. Bado simu ikilia ghafla moyo unamruka, kisha anakumbuka, anaipokea. Mwezi uliopita aliyepiga alikuwa Stanislas. Alitaka kujua kama mjini mvua imenyesha, kwa sababu kule Miti walikuwa bado wanaingoja.