Bwana Huria Ahama Mfumo

Kaka yangu ana kipaji kimoja ambacho hajawahi kukitilia shaka: kudharau kompyuta za watu. Akiingia mahali penye mashine iliyowashwa, huinama kutazama kioo kabla hata ya kusalimia, halafu hucheka kwa pua. Aliwahi kumchekea hivyo mama mkwe wake, mama wa watu kafungua tu picha za wajukuu. Kwa kuwa kila sentensi yake ilikuwa na neno "huria" ndani yake, sisi tuliomzoea tulimwita Bwana Huria. Alidhani tunamsifu.

Tulifanya kazi pamoja kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, meza mbili zimetazamana, nyaya zimetapakaa chini kama tambi. Sote tunaandika programu, na sote tunatumia mifumo huria, ile ya bure ya kuendeshea kompyuta ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiunda, uko wazi kwa yeyote. Mimi natumia mfumo huria wa kawaida, ule ambao ukiuwasha unawaka. Yeye aliuita mfumo wa chekechea.

Mteja wetu alikuwa daktari wa meno ambaye foleni yake ilikuwa ikitoka mlangoni hadi barabarani. Alitaka programu ya miadi: mgonjwa achague saa kwa simu yake, aje, atibiwe, aondoke. Tuligawana kazi. Mimi nilichukua kurasa anazoziona mgonjwa, kaka akachukua kalenda, ambayo ndiyo roho ya kitu chote. Alikuwa ameshafika mbali nayo, na kusema haki, ilikuwa kazi nzuri.

Asubuhi moja nikamkuta anachezea flashi, anatabasamu peke yake.

"Nahama," akasema.

"Unahama nyumba?"

"Nahama mfumo. Huu mpya unaujenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, kipande kwa kipande. Hakuna takataka ya mtu."

"Na kalenda ya daktari?"

"Itakwenda kama umeme. Wewe huwezi kuelewa, mdogo wangu. Umezoea kutafuniwa."

Basi mashine ikaanza kujijenga. Mistari myeupe ikateremka kwenye kioo cheusi kutwa nzima, naye amekunja mikono anaitazama kama mtu anayetazama fainali. Nikiuliza inafanya nini, ananijibu, "Inajenga kivinjari." Kesho yake nikauliza tena. Bado kivinjari kilekile cha kufungulia intaneti. Kilipokamilika, sauti haikutoka. Sauti ilipotoka, herufi zikawa ndogo mithili ya mayai ya chawa. Sikumwona akiandika hata mstari mmoja wa kalenda, lakini rangi ya dirisha aliichagua kwa uzito wa mtu anayechagua mchumba.

Kisha mtandao ukagoma. Mfumo mpya haukuitambua kadi ya wifi, na kaka akaapa hatagusa kitu kingine mpaka aishinde. Siku hiyo mama yetu alikuwa amekuja kututembelea, yuko jikoni na mke wa kaka. Mimi uvumilivu ukanishinda, nikapaza sauti:

"Kaka, achana na wifi! Hamtaelewana tena! Kwani ni lazima?"

Mama akatokea mlangoni, mwiko mkononi.

"Wewe mtoto! Unamfundisha kaka yako amwache mkewe? Na mwenyewe yuko hapa ananimenyea viazi!"

"Mama, ni wifi ya kompyuta."

"Kompyuta ina wifi?"

Nyuma yake wifi yangu halisi alikuwa anafuta mikono kwa kanga. Hakucheka. "Mwache aseme, mama," alisema. "Huyo wa kompyuta ndiye anayeongeleshwa humu ndani."

Kaka hata hakuinua kichwa.

Mwishowe alikubali kuomba msaada, kwa simu yake, kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa mfumo wake. Nilimwona akiandika swali lake kwa unyenyekevu ambao sijawahi kupewa mimi. Jibu la kwanza lilimwambia asome mwongozo kabla ya kusumbua watu. La pili lilimuuliza kwa nini mtu wa kiwango chake asitumie kitu rahisi zaidi. Masikio yake yalibadilika rangi. Nilifurahi, sitasema uongo.

Siku ya kumwonyesha daktari ikafika. Daktari aliingia, mwanamke mfupi mwenye haraka, akakaa bila kuegemea. Kaka, ambaye asubuhi hiyohiyo alikuwa ameona ni vyema kuuongezea mfumo wake masasisho, akawasha mashine. Kioo kikabaki cheusi. Akaizima, akaiwasha. Cheusi.

"Nipe tu msimbo wa kalenda," nikamwambia, "niuendeshe kwangu."

Akaigeuzageuza flashi kiganjani.

"Kaka?"

"Haupo."

"Haupo kwenye mashine hiyo?"

"Haupo popote."

Ikabidi aeleze. Kabla ya kufuta diski aliihifadhi kalenda kwenye flashi. Kisha alihitaji flashi ya kuwekea mfumo mpya, akatumia hiyohiyo, na kalenda ikafutika. Kwenye hifadhi yetu ya pamoja ya mtandaoni hakuwa ameipeleka, kwa sababu aliona msimbo haujawa safi vya kutosha kuonwa na mtu. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Muda wote ule wa rangi na herufi, alikuwa akikwepa kuniambia kwamba tunajenga juu ya hewa.

Daktari alimtazama kama anavyotazama jino lililooza.

"Mgonjwa akiwa kitini na maumivu yake," alisema, "mimi siendi uani kufua chuma nitengeneze koleo." Akanigeukia. "Kalenda uiandike wewe. Na sitaki kujua umeiandikia kwenye nini."

Alipoondoka, nilisubiri kaka aombe radhi. Akakohoa.

"Kosa ni la waliotengeneza ile kadi," alisema.

Nilicheka mpaka nikashika meza. Halafu nikamwona anainama kukunja nyaya zake moja moja, nikaacha kucheka, ingawa si kwa kumhurumia sana.

Kalenda niliiandika upya kwenye mfumo wa chekechea. Kaka alikaa pembeni akiijaribu, na humo hakuwa na mzaha: ndiye aliyegundua kwamba wagonjwa wawili wakibonyeza kwa pamoja wanapewa kiti kimoja. Nikarekebisha. Programu ikaanza kazi, na foleni ya barabarani ikapungua hadi ikaingia ndani.

Nilipomwambia kwamba nitafanya kazi peke yangu sasa, aliuliza nani atanikagulia makosa.

"Wewe," nikamjibu. "Kwa barua pepe."

Siku hizi anafundisha mifumo ya kompyuta chuoni. Wanafunzi wake huvunja mashine tangu asubuhi, naye huwaonyesha namna ya kuzifufua, na kwa hilo analipwa mshahara. Mkewe anasema anarudi nyumbani mapema, anakula, hata anauliza siku ilivyokwenda. Namtakia heri. Bwana Huria hatimaye amepata mahali ambapo kutomaliza kazi ndiyo kazi yenyewe.