Bomba la Tatu

Ofisini walimwita Mama Rudisha, kwa sababu faili halikupata mhuri wake mpaka lirudishwe mara tatu, na wapo walioapa kwamba walianza kuota mvi wakisubiri. Jina hilo halikumkera. Afisa wa vibali vya maji anayesaini harakaharaka, alisema, ni kama mpishi asiyeonja: siku ya siku atawalisha watu balaa.

Faili la matete lilirudi mara saba.

Mhandisi wa majitaka, mwanamume mrefu aliyezoea kuambiwa hapana, alitaka kuchimba mashimo manne mapana pembezoni mwa mji, ayajaze kokoto na kupanda matete. Majitaka yakishatoka kwenye mabwawa ya kusafishia, yangepita polepole katikati ya mizizi, yachujwe mara ya pili, kisha yanyweshe msitu wa miti ya mbao, na yaliyobaki yazame ardhini kuongeza maji ya chini. Baada ya miaka mitatu ya ukame, nani angekataa? Tatizo lilikuwa moja. Mita mia sita kutoka hapo, upande wa bondeni, palikuwa na kisima kirefu kilichonywesha nusu ya mji.

Na mwenyekiti wa kamati ya kisima hicho alikuwa dada yake Mama Rudisha, toka nitoke, fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Kamanda.

"Bosi, faili hili mpe mtu mwingine," Mama Rudisha alimwambia mkuu wake. "Dada yangu yuko upande wa pili."

"Mtu mwingine yupi?" mkuu alijibu. "Nani tena hapa anasoma kurasa mia mbili mpaka mwisho? Andika kwamba ni dada yako, nami nitapitia kila unachosaini. Nenda kafanye kazi."

Siku ya mkutano wa wananchi ukumbi ulifurika. Mhandisi alieleza habari za mizizi na kokoto mpaka jasho likamtoka. Kamanda akasimama, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni.

"Mdogo wangu," alisema, hata hakumtazama mhandisi, "choo ni choo, hata ukikipandia maua."

Watu wakaangua kicheko na makofi. Mama Rudisha hakucheka, maana alijua maneno yale yametoka wapi. Walipokuwa wadogo walikuwa watatu. Kitindamimba wao alikunywa maji ya kisima kifupi nyuma ya nyumba waliyopanga, akaharisha siku mbili, ya tatu wakamzika. Kamanda alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiye aliyekuwa amemchotea yale maji. Tangu hapo dada mkubwa hakuamini maji asiyoyaona yanakotoka, na mdogo wake akaenda kuyasomea.

Hatimaye alitoa kibali cha majaribio, miezi sita tu, chenye masharti kama mahari ya binti wa pekee. Sharti kubwa lilikuwa mabomba sita membamba, yaliyozamishwa ardhini kati ya matete na kisima, ili kila mwezi watu wa maabara wavute maji na kuyapima kabla hayajafika kwa mnywaji.

Kamanda akanuna. Si kununa kwa mchezo. Kwa miezi minne hakumpigia mdogo wake simu. Akiwa na neno alimpigia shemeji yake.

"Shemeji, hujambo? Mwambie huyo mtu wako kwamba shangazi ameruhusiwa hospitali."

"Yuko hapa pembeni yangu, dada. Nimpe simu?"

"Mwambie tu."

Mwezi wa nne wa majaribio, wiki moja baada ya mvua kubwa ya kwanza, mtu wa maabara alipiga simu asubuhi. Sauti yake ilikuwa chini. "Mama, bomba la tatu lina vijidudu vya kinyesi. Vingi. Nimepima mara mbili."

Mama Rudisha alimpigia mhandisi palepale.

"Funga matete."

"Yote, mama?"

"Yote. Sasa hivi."

Mchana ule aliagiza kisima kipimwe kila siku na dawa iongezwe. Kisima kilikuwa safi. Lakini habari mbaya haihitaji kupanda gari. Kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa na madumu mkononi, ukitafuta maji kwingine, na ofisini watu walimpisha kwenye korido kama mfiwa. Nyumbani simu ya mumewe iliita. Mume alisikiliza, akashusha pumzi.

"Dada anasema alikwambia."

Mama Rudisha alikuwa akimwona kitindamimba, na nyuma yake akiona watoto wa nusu ya mji.

Asubuhi yake aliichukua tena karatasi ya maabara, akaisoma mstari kwa mstari kama kawaida yake. Vijidudu: vingi. Chumvi: ileile ya mwezi uliopita, na wa kabla yake. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Maji ya majitaka hubeba chumvi ya majiko na sabuni za mji mzima. Chumvi hiyo haishikwi na mizizi wala haichujwi na mchanga. Kama maji ya matete yangefika bomba la tatu, chumvi ingetangulia kufika.

"Basi si sisi!" mhandisi alipiga kelele kwenye simu.

"Usishangilie bado. Kama si nyinyi, ni nani?"

Walikwenda pamoja, yeye, mhandisi na mtu wa maabara, wakikanyaga tope. Bomba la kwanza lilikuwa zima, la pili zima. La tatu walilikuta limezungukwa na mbuzi watatu wanene, wamefungwa hapohapo kwenye bomba, wanatafuna majani kwa raha zao. Kwa kuvutwa na kamba, saruji ya shingo ya bomba ilikuwa imepasuka na kifuniko kimelala upande. Mavi ya mbuzi yalitapakaa pande zote, na mvua ilikuwa imechora mfereji mdogo uliotumbukia moja kwa moja ndani.

"Ni wa nani hawa?" aliuliza.

Mtu wa maabara alikohoa. Akatazama mawingu. "Ni wa Kamanda, mama."

Mama Rudisha alifungua mdomo aseme neno, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe lililolowa, machozi yakimtoka, na wanaume wawili wamesimama hawajui wamshike au wamwache.

Hata hivyo hakutangaza chochote. Alitaka bomba litengenezwe, lisafishwe, lipimwe mara tatu, siku tofauti. Siku ya tisa majibu ya tatu yalifika: safi, safi, safi. Alizikunja zile karatasi, akalichukua na faili, akaenda kwenye duka la dada yake la ushonaji.

Kamanda alisoma amesimama, mdogo wake akimweleza habari za chumvi na za mbuzi. Kisha akakaa.

"Pale majani yalikuwa mabichi," alisema taratibu.

"Na kamba?"

"Kamba inataka kitu imara." Midomo ilimtetemeka, na mdogo wake hakujua ni kicheko au kilio mpaka alipozungumza tena. "Siku tisa nimekuwa nikimwona mtoto. Kumbe safari hii pia ni mkono wangu."

"Safari hii hakuna aliyeumwa, dada. Hata mmoja. Na hata ile ya kwanza haikuwa mkono wako. Ulikuwa mtoto, na maji hayakuwa na wa kuyapima."

Dada mkubwa alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa. Alipoinua kichwa alikuwa Kamanda tena. "Uzio uwekwe kila bomba. Na kila mwezi majibu yabandikwe hapa mlangoni kwangu. Nitayasoma mwenyewe. Utanifundisha hiyo ya chumvi."

"Nitaiandika kwenye kibali."

"Iandike sasa, nikuone."

Akaiandika palepale, juu ya meza ya kukatia nguo, akasaini bila kulirudisha faili hata mara moja. Mkuu alipokwisha kuipitia, saa nane mhandisi alifungua maji, Mama Rudisha amesimama topeni akiangalia, na matete, yaliyokuwa yameanza kunyauka ncha, yakapata kunywa.

Mama Rudisha alifika nyumbani saa tisa alasiri, saa ambayo mumewe hakuzoea kumwona. Alijinyoosha kwenye kochi aseme jambo, usingizi ukamchukua kabla ya neno la pili. Mume akamvua viatu vyenye tope, kimoja kimoja, akavipeleka nje.