Jogoo wa Chini ya Kitanda

Kwenye maigizo yetu mimi nilipewa kuwa mke mgomvi, na watu wakasema naigiza vizuri sana. Hawakunijua. Nilikuwa siigizi. Ugomvi ninao tangu utotoni, na nitazikwa nao hapahapa Mishamo, kwenye makazi yetu ya wakimbizi.

Mwaka 1996 kikundi chetu kiliambiwa kwamba mtu wa redio anakuja kuturekodia mchezo mmoja wa kuchekesha, wa dakika kumi na tano. Wenzangu walifikiria sifa. Mimi nilimfikiria Gervais, mdogo wangu, niliyempoteza ufukweni mwa ziwa mwaka 1972 tulipokuwa tunaikimbia Burundi. Nilikuwa na miaka minane, yeye minne. Mara mbili nilipeleka jina lake kwenye matangazo ya kutafutana, mara mbili nikajibiwa kimya. Ndipo nikajiuliza: mtoto wa miaka minne anajua jina la baba yake? Anajua jina la kijiji? Hajui. Anachojua ni sauti ya mama yake asubuhi akiwaita kuku.

Mama alikuwa na namna yake. "Kuruuu-tii! Kuruuu-tii! Tii-tii-tii!" halafu anagonga ulimi mara tatu. Tangu nivuke ziwa sikuwahi kumsikia mtu mwingine akiita hivyo, nikaamini ni ya nyumbani kwetu peke yake. Kama Gervais alikuwa hai mahali penye redio, sauti hiyo angeijua. Kama asingeijua hiyo, basi hakuna kingine nilichobakiza cha kumtafutia.

Nikamwendea Makoye, mtunzi wetu, Msukuma mmoja utingo wa lori ambaye ndiye alikuwa anacheza kama mume wangu. Nikamwambia nataka mchezo wenye kuku. Siku ya pili akaja nao. Mzee Kauzu, bahili asiye na haya, anatembelewa na mama mkwe. Ili asimchinjie mgeni jogoo, anamficha huyo jogoo chini ya kitanda na kuanza kulia shida. Mkewe, yaani mimi, anatoka uani na kuwaita kuku kwa nguvu zote, na jogoo anaitikia kutoka chumbani, mkwe anasikia. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Mtu wa redio aliitwa Fabiani. Alishuka kwenye lori la kutoka Mpanda akiwa mwekundu kwa vumbi, mashine yake ya kurekodia ameizungushia kanga kama mtoto mchanga. Tulirekodia darasani. Madirisha tuliyaziba kwa mablanketi, tukamwomba mwenye mashine ya kusaga aizime, tukafukuza watoto. Kitanda kilikuwa kiti cha kamba ambacho Makoye alikikalia na kukitikisa. Jogoo wa kweli tuliyemwazima aligoma kabisa kuwika, akaishia kujisaidia juu ya daftari la Fabiani, kwa hiyo Makoye akawika mwenyewe, na aliwika vizuri kuliko jogoo.

Ikafika zamu yangu ya kuita. Niliita. Fabiani akasimamisha mkanda.

"Dada, hapo tupunguze. Redioni ni Kiswahili tu, vilugha haviruhusiwi."

"Hicho si kilugha cha mtu. Ni cha kuku."

Akacheka, lakini kichwa alikuwa anakitikisa. "Halafu ni ndefu. Imekula sekunde ishirini na mbili, na mchezo umeshazidi. Sema tu 'njooni kuku', inatosha."

"Haitoshi."

"Mama Lidia," Makoye akanong'ona, "tumwache bwana afanye kazi yake. Ni kuku tu."

Hilo neno lilinipandisha hasira. Nikaikamata maikrofoni kwa mikono miwili na kusema siiachii, hata waite mgambo. Fabiani akalia kwamba nitaivunja, kwamba kifaa si chake. Nikamwambia basi na tuivunje wote. Aibu ilinijaa, ila mikono ilikataa kufunguka. Mwisho nikawaeleza, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine.

Nikawaambia kwamba kabla hatujafika ziwani mama alinikabidhi vitu viwili. Mkono wa kulia nimshike Gervais, kwapa la kushoto nimbane kuku, nisiachie hata kimoja, yeye anakuja nyuma. Hakuja. Ufukweni watu walikuwa wanasukumana, risasi zinalia juu kwenye migomba, na mtu mmoja ndani ya mtumbwi akaninyooshea mkono ili anivute. Ili nimpe mkono ilibidi niachie kimoja. Sikufikiri. Niliachia.

"Nilifika ng'ambo na kuku," nikasema.

Makoye aliinama akawa anakazakaza kamba za kile kiti, ambazo hazikuwa zimelegea. Fabiani akarudisha mkanda nyuma. "Ita tena," akasema. "Safari hii sogea karibu. Sekunde nitazitafuta kwingine."

Kuna kitu kimoja sikuwaambia, wala sikuwahi kumwambia mtu. Yule kuku alikuwa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Gervais alikuwa anamfunga kitambaa, eti asisikie baridi.

Mchezo ulitoka baada ya wiki tano, Jumapili mchana. Betri zangu zilikuwa zimechoka, nikazianika juani tangu asubuhi ili zipate nguvu kidogo. Majirani wakajaa uani, redio nikaiweka juu ya kinu. Sikumsikia Mzee Kauzu wala mama mkwe. Nilikuwa nasubiri sekunde ishirini na mbili tu, na sikuwa na hakika nazo, maana Fabiani naye ana wakubwa zake, na wakubwa wana mikasi.

Hawakuikata. "Kuruuu-tii!" redio ikaita, na haikuwa sauti yangu, nawaapia. Ilikuwa ya mama. Papo hapo kuku wangu wote wakachomoka kwenye mihogo, mbio, wakaizunguka redio wakitafuta mahindi. Watu walianguka kwa kicheko.

"Nyie, hata kuku wanasikiliza redio!" Makoye akapiga kelele.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia. Niliita dunia nzima, na waliokuja walikuwa kuku.

Mwezi ukapita, wa pili ukaingia. Nilianza kukata tamaa, tena kwa hasira, nikigombana na kila aliyenisifia ule mchezo. Kisha Fabiani akatuma bahasha nene kwa treni hadi Mpanda, na Makoye akaniletea kwa lori. Ndani mlikuwa na barua saba.

Ya kwanza iliandikwa: "Dada, ni mimi." Nilipiga ukelele hadi Lidia, binti yangu, akakimbia kutoka jikoni. Lakini dada wa huyo aliitwa Rosine. Ya pili ilitoka kambini upande wa Kigoma, mzee anamtafuta mkewe. Ya tatu, mtu anaulizia mama yake. Ya nne, ya tano, ya sita, kila mmoja anaapa kwamba sauti ile ni ya nyumbani kwao, peke yao. Kumbe mama hakuwa na sauti yake. Kumbe tarafa nzima iliwaita kuku hivyohivyo, na mimi nilikuwa nimewaamshia watu sita vidonda vyao bure. Nilitaka kuichoma bahasha yote. Mungu anisamehe, kwa dakika kadhaa niliwachukia wale watu kwa kutokuwa Gervais.

Ya saba ilikuwa fupi, kwenye karatasi ya daftari, na ilitoka Karema. Karema hii hii ya kwetu, wilaya hii hii ya Mpanda, ambako nilikuwa nikiagiza dagaa kila mwaka.

"Dada, kama ni wewe. Mimi ni mvuvi. Naitwa Silvester, jina nililopewa hapa misheni baada ya kuvushwa ziwa na watu. La nyumbani silikumbuki. Nilikuwa nashona wavu nikasikia unaita. Sina mengi. Nauliza tu, yule kishingo alitaga?"

Niliisoma nimesimama. Nikaisoma nimekaa. Lidia akaniuliza barua inasema nini, nikamtuma aniletee kalamu.

Jibu nililijua. Yule kuku hakumaliza wiki. Siku ya tatu upande huu wa ziwa njaa ilituzidi, mwanamke mmoja akamchinja, akatugawia, na mimi nilipewa paja. Nililila. Nililamba na vidole.

Nilikaa na kalamu mpaka mchana ukaisha. Uongo ulikuwa rahisi, tena mzuri: kwamba alitaga, akaatamia, na hawa wanaochakura hapa uani ni wajukuu zake. Mdogo wangu angefurahi. Makoye angeutungia hata mchezo. Lakini miaka ishirini na minne nilishaigiza vya kutosha.

Nikaandika: "Jina lako ni Gervais. Kuku hakutaga. Tulimla siku ya tatu, na mimi nilikula paja. Njoo unigombeze."